Mwaka Nilioazima Jeneza

Mzee Shekuwe amefariki Jumanne iliyopita, asubuhi, na mimi habari ilinikuta juu ya paa la nyumba ya watu, nimesimama kati ya tangi la maji na mwongozaji wa filamu. Aliyepiga simu ni mdogo wangu Saidi. "Dada, Mzee Shekuwe ametutoka. Anazikwa baada ya alasiri." Nikasema inna lillahi, nikaitia simu mfukoni, nikaendelea kumweleza yule mwongozaji kijana kwa nini hawezi kusimamisha taa kwenye kibaraza cha jirani. Ndiyo kazi yangu hiyo. Wenyewe huniita mtu wa lokesheni. Kwenye karatasi huandikwa mratibu wa maeneo ya kupigia picha. Kwa lugha ya kwetu, mimi ndiye ninayetafuta nyumba, ninayepiga hodi, ninayeomba ruhusa, na ninayebaki kutazamwa kwa jicho baya wenye kamera wakishaondoka. Nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini katika kisiwa hiki cha Mombasa. Watu husema nina shingo ngumu. Kuna waongozaji ambao wakiniona naja huanza kunung'unika kabla sijafungua mdomo. Sawa. Shingo hii niliipata mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu ya jeneza aliloniazima marehemu.

Sitaeleza tulivyobaki yatima. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo haitawafaa kitu. Yatosha kusema kwamba mwaka ule tulikuwa watatu katika chumba kimoja cha chini huko Kuze, Mji wa Kale: mimi, Saidi wa miaka kumi na mitatu, na Rehema wa miaka kumi. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, mkeka, sanduku la nguo la marehemu mama, na dirisha lililokuwa chini sana, sawasawa na kichochoro. Ukiketi mkekani ulichoona ni miguu ya wapitao. Tukawajua watu kwa miguu yao. Bi Mwanaisha, mwenye nyumba, alikuwa na nyayo zilizopakwa hina hadi vifundoni. Mzee Shekuwe, seremala wa mtaa, alivaa makubadhi ya ngozi, la kulia limelika kisigino upande mmoja, na kidole chake kikubwa cha mguu huo kilikuwa hakina ukucha tangu patasi ilipomwangukia ujanani. Rehema alikuwa akisikia makubadhi hayo tu husema, "Alfajiri imeshasaliwa, dada, Mzee anarudi," nami naamka kuukanda unga. Niliacha shule kidato cha pili. Nilipika mahamri na mbaazi, nikayapeleka nyumba kwa nyumba kabla jua halijapanda, ndoo kichwani, na harufu ya iliki haikututoka nguoni hata siku ya Idi.

Kilichokuwa kikininyima usingizi kilikuwa Ami Hemedi, ndugu yake baba, aliyekuwa na duka Malindi. Siku moja nilimsikia barazani akizungumza na Bi Mwanaisha, nami niko nyuma ya mlango nachambua mbaazi. "Msichana hana shule, hana mume, hana kazi," alisema Ami. "Mahamri si kazi." Bi Mwanaisha akamjibu, "Kwani wewe, Hemedi, leo umefungua kinywa kwa nini?" Ami akajipangusa mdomo, maana alikuwa ameshakula manne. Lakini akasema alilokuja kusema: Saidi angemchukua yeye dukani, na Rehema angepelekwa kwa shangazi Lamu, ambaye alikuwa na watoto wadogo na alihitaji mtu wa kumsaidia. Aliponiona aliniambia usoni, bila ubaya, kama mtu anayetaja nauli. "Mwezi wa Ramadhani ukiandama nawe hujapata kazi ya mshahara, nawachukua." Ilikuwa Rajabu; haikubaki hata miezi miwili. Nilimwambia, "Ami, sisi hatugawanywi." Akacheka, akaniwekea mkono kichwani kama vile mimi ndiye wa miaka kumi.

Wiki ile ile wakaja watu wa televisheni kutoka Nairobi kupiga tamthilia. Mtu wao wa lokesheni alikuwa Bwana Otieno, mtu mzima mnene mwenye kofia ya majani, mzaliwa wa nyumba za reli karibu na Makupa. Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa. Alinunua mahamri kwangu, akauliza kama najua nyumba yenye ua wa ndani na ngazi ya mbao isiyopigwa rangi. Nikamtajia tatu, na ya kwanza nikamwambia asiende wiki ile kwa sababu binti wa nyumba alikuwa karibu kujifungua, na ya pili mama alikuwa edani kwa kufiwa na mumewe, wanaume hawapiti uani mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Akaacha kutafuna. "Wewe haya yote wayajuaje?" Nikamwambia, "Ndugu yangu, mahamri hayapigi hodi yenyewe." Kesho yake akaniajiri kuwa mratibu wake wa mtaa. Nikamwandikia Ami barua yenye neno moja kubwa katikati ya karatasi: KAZI.

Bwana Otieno alinipa daftari la shule akaniambia niandike. Watu wengine wa kazi hii huandika upana wa mlango na mahali jua linapoingilia. Mimi niliandika hayo, halafu nikaandika yaliyokuwa na maana. Hapa mtoto mchanga hulala baada ya saa sita. Hapa babu hataki mtu akalie kiti cha marehemu mkewe. Hapa hati ni ya mtoto wa kiume aliyeko Kilindini, lakini nyumba ni ya dada yake, muulize dada. Nilijifunza kwamba mwenye hati na mwenye nyumba mara nyingi ni watu wawili, na kwamba ukienda mara ya kwanza hutaji ulichojia. Unakaa, unauliza hali, unakunywa ulichopewa hata kama ni shira yenye kukatakata meno kwa utamu, unaondoka. Unarudi siku ya pili, na mwenyeji mwenyewe hukuuliza, "Haya, Fatuma, sema." Mtayarishaji wetu, mwanamke hodari jina lake Carol, alizoea kupata ruhusa kwa simu moja. Alikuwa akinitazama nikinywa shira kama mtu anayetazama maji yakimwagika. Lakini milango ilifunguka, na hilo hakuweza kubishana nalo.

Katika hadithi yao kulikuwa na mazishi ya babu wa nyumba. Mafundi wao wakaunda jeneza la mbao nyembamba, wakalipaka rangi. Mzee Shekuwe alipita, akasimama, akalitazama, akawauliza kwa adabu kama ni kabati la vyombo. Ikabidi nimwendee yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa akilitunza jeneza la msikiti, lile linalobeba kila maiti na kurudi, na karakanani kwake kulikuwa na la zamani lililopumzishwa baada ya mtu mmoja kutoa wakfu jipya. Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza alinipa kahawa. Mara ya pili alinionyesha nguzo za jeneza lile, zilivyong'aa kwa mabega ya watu. Akaniambia humo alibebwa baba yake, na baba yangu pia. Mara ya tatu akasema, "Haya, sema." Nikasema. Akafikiri huku akichagua misumari mipya kutoka kwenye kifungu chake, kisha akatoa sharti moja. "Lisitoke nje ya mlango wa nyumba mnayopigia. Ndani ni mchezo wenu. Likishatoka barabarani ni la watu wote." Nikasema nimekubali. Akaninyoshea nyundo kama kidole. "Sikuwapa wao, Fatuma. Nimekupa wewe."

Msomaji asiye wa kwetu ni lazima aelewe hili, la sivyo hataelewa mengine. Kwetu jeneza likipita, mwanamume huacha alichoshika. Muuza vitambaa huacha mita juu ya kitambaa, kinyozi humwacha mtu na povu kidevuni. Anatoka, anaingiza bega chini ya nguzo, anakwenda hatua kumi, ishirini, anampisha mwingine. Haulizi ni nani. Kuuliza ni baadaye, makaburini, ukipangusa mchanga. Hakuna anayeamrishwa, na hakuna maiti anayekosa wabebaji, awe tajiri wa maghala au mgeni aliyekufa juzi bila kujulikana jina. Sisi watatu tulipofiwa, jeneza lilijaa mabega mpaka Saidi akakosa pa kushika. Jambo hilo nilikuwa nalichukulia kama hewa. Sikumweleza mtu wa filamu hata mmoja, zaidi ya kuandika sharti la Mzee kwenye karatasi ya siku ile, na hilo ndilo kosa langu katika kisa hiki. Mwongozaji, Bwana Feisali, baba yake alikuwa mtu wa Mombasa. Nilidhani anajua. Kumbe alilelewa Nairobi, na jeneza alilijua kwa macho tu.

Siku ya mazishi ya mchezo, lori la jenereta liliharibika kwenye daraja la Makupa, tukatumwa mimi na Bwana Otieno tukalisaidie lipite. Tulikaa kule tangu saa mbili hadi karibu na adhuhuri, jua likitupiga, malori yakitupigia honi, dereva akila muhindi wa kuchoma kana kwamba lori ni la mtu mwingine. Tuliporudi Kuze nilijua kuna jambo kabla sijaambiwa. Nilimwamkia muuza kahawa, akageuka akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Barazani kwetu Bi Mwanaisha alikuwa amekaa na ushanga mkononi. "Ndoo hapa, mwana," aliniita, akipiga baraza kwa kiganja nije nikae. "Mimi nimekula chumvi nyingi, lakini sijaona bado maiti akiwekwa chini ili mtu apakwe poda." Nikamuuliza maiti gani. "Ndivyo tulivyouliza sote," akasema, "mpaka lilipofunuliwa." Kisha akarudi kwenye ushanga wake.

Nilipanda ngazi ya nyumba ya kupigia picha. Chumba cha juu kilinuka chapati na nyaya zilizopata moto, na watu walikuwa wamejazana mbele ya televisheni ndogo, wanafurahi. Bwana Feisali aliniita. "Fatuma, njoo uone, tumepata dhahabu!" Akarudisha kaseti nyuma. Nikaona kichochoro chetu asubuhi, mwanga unashuka kando ya ukuta kama alivyopenda yeye, na waigizaji wanane wanatoka mlangoni na jeneza la Mzee, lina shuka ya kijani, wanaleta tahalili. Lilikuwa jaribio tu, alinieleza. Kamera iliwashwa kwa bahati. Nikamwona kinyozi anatoka na wembe mkononi. Nikamwona muuza vitambaa. Mabega yakaingia, waigizaji wakasukumwa kando kwa upole kama inavyosukumwa familia ya marehemu, na sauti ya msaidizi wa Feisali ikasikika ikipiga kelele, "Msitazame kamera, jamani!" maana alidhani ni watu wanaotaka kuonekana kwenye televisheni. Halafu kwenye pembe ya chini ya picha ikapita miguu miwili, peku, inakwenda mbio. Mguu wa kulia hauna ukucha. Mzee Shekuwe alikuwa ameacha makubadhi karakanani. Akatia bega, na papo hapo uso wake ukabadilika, kwa sababu jeneza lilikuwa jepesi. Kamera ilikuwa karibu naye. Ilisikika akimuuliza mwigizaji aliyekuwa mbele yake, taratibu, "Ni mtoto?" Na mwigizaji, maskini, akasema ukweli. "Ni wa sinema, mzee."

Hapo Carol akaniwekea karatasi mezani. Ilisema wakazi wa mtaa walijulishwa siku tatu kabla na wakakubali kupigwa picha, na chini palikuwa na nafasi ya mratibu kutia sahihi. Bila karatasi hiyo picha zisingeweza kutumiwa. "Hawakujulishwa," nikasema. "Wajulishe sasa," akasema. "Madam," nikasema, "hawa hawakuigiza. Hawa walikuwa wanazika." Bwana Feisali akajipiga mapaja kwa furaha. "Ndiyo maana ni nzuri! Huwezi kumfundisha mwigizaji uso kama ule." Nikamwambia, "Basi usimwibie mwenye nao." Carol hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na nyuma yake kulikuwa na watu waliokuwa wakimpigia simu kila saa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Fatuma, kumbuka wewe ni mfanyakazi wa kampuni, si wa mtaa." Nilimkumbuka Ami. Niliwakumbuka Saidi na Rehema, na mwezi wa Shaaban uliokuwa umebakiza siku sita. "Kampuni itaondoka mwezi ujao," nikamwambia. "Mtaa ndio utakaonizika." Akaivuta karatasi. "Basi kesho usije."

Jeneza nililikuta uani, limesimamishwa wima ukutani, mtu ametundika koti lake juu yake. Nikalitoa koti nikaliweka chini. Mwanamke habebi jeneza kwetu; hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini nani angelirudisha? Neno lilikuwa langu. Bwana Otieno akashuka ngazi nyuma yangu akihema. "Shika mbele," alisema, "mimi nyuma." Nikamwambia atafukuzwa naye. "Baba yangu alibeba mataruma ya reli miaka thelathini," akanijibu. "Mimi nitashindwa na mbao?" Tukatoka, msichana wa mahamri mbele na Mjaluo wa Makupa nyuma, mchana kweupe, katika kichochoro kile kile. Na hapakuinuka mtu. Kinyozi alitazama kioo chake. Muuza vitambaa alishika mita akapima kitambaa ambacho hakuna aliyekuwa akikinunua. Sijapata kutembea njia ndefu kama ile, nayo haifiki hatua mia mbili. Kutoka dirishani bibi mmoja aliniita, "We Fatuma! Umepata wazimu?" Nikapaza sauti ili wasikie wote, na nikaendelea kupaza mpaka mwisho wa njia: "Ni tupu! Msisimame! Ni tupu, nalirudisha!"

Mzee Shekuwe alikuwa mlangoni pa karakana, amefunga kitambaa kwenye wayo aliokata kwa mbio zile. "Nilikwambia lisitoke." Nikasema, "Limetoka, Mzee. Sikuwapo, lakini neno lilikuwa langu." Alilipokea mwisho mmoja, akalipangusa nguzo kwa kiganja. "Nilidhani ni mtoto," alisema, akiiambia mbao zaidi kuliko mimi. "Nilikuwa nikijiuliza ni mtoto wa nani hapa mtaani, mbona sikusikia kilio." Kisha akaufunga mlango. Hakuniambia nimekusamehe, nami sikumwomba wakati ule, kwa sababu kuna radhi ambayo ukiiomba mapema ni kama kumharakisha mtu.

Asubuhi iliyofuata mtaa ulifunga. Hapakuwa na mkutano wala hotuba. Madirisha tu yalifungwa kichochoro kizima, redio zikafunguliwa kwa nguvu, na kila nyumba iliyokuwa imekubali kupigwa picha ikapata mgonjwa. Mimi nami nilifungiwa. Nilizunguka na ndoo yangu, nikarudi nayo imejaa. Mchana tulikula mahamri, jioni tukala mahamri, na Saidi akasema labda kesho tuyafundishe kuogelea tuyaite samaki. Siku ya pili yake akaja Ami Hemedi. Aliinama kuingia chumbani, akamkuta Rehema amekaa juu ya sanduku la nguo, miguu imening'inia, amelishika kwa mikono miwili ili lisiweze kufunguliwa. "Kazi iko wapi?" Ami akaniuliza. "Nimefukuzwa." "Na mahamri?" "Jana sikuuza hata moja." Akanyosha mikono, kama kusema, basi tumeshamaliza. "Haya, basi?" Nikamwambia, "Basi hawaendi." Akanieleza tena, kwa upole uleule, duka, shangazi, shule, chakula. Yote yalikuwa ya kweli. Ninalotaka msomaji alijue ni hili: sikuwa na kazi, sikuwa na mnunuzi, hata jirani wa kunisemea sikuwa naye. Nilikuwa na mlango tu. Nikasimama mlangoni. "Ami, wewe ni baba yangu na sitakuvunjia heshima. Lakini ukiwatoa, utawatoa kwa mlango huu, mchana, watu wakiona, nami nimeishika kanzu yako mpaka kituo cha mabasi." Kisha akaomba chai. Akanywa vikombe viwili, akasema atarudi Ijumaa, akaondoka.

Aliyefuata kuinama mlangoni alikuwa Carol. Alikuwa amepiga hodi nyumba kumi na moja asubuhi hiyo, yeye mwenyewe, na hakuna iliyofunguka. Akakaa kitandani, kitanda kikalia, Rehema akampa hamri la jana ambalo lingeweza kuvunja dirisha. Akalichovya kwenye chai akala lote, nami nikampenda kidogo. "Nifanye nini?" akauliza. Nikamwambia aende kwa Mzee Shekuwe, yeye na Bwana Feisali, waombe radhi, na wasichukue karatasi yoyote. "Na zile picha?" "Kamuulize mwenye uso."

Tulikwenda alasiri. Walikuwepo kinyozi, muuza vitambaa na wengine watatu waliotia bega siku ile. Mpiga picha aliiweka televisheni yake ndogo juu ya meza ya useremala, kati ya randa na maranda, akaicheza kaseti. Wanaume wale walijitazama. Muuza vitambaa akasema, "Yakhe, kumbe tumbo langu ni hili?" na mtu akacheka, halafu ikapita ile miguu peku, vicheko vikakatika. "Rudisha nyuma," alisema Mzee Shekuwe. Akajiona mara mbili. "Sikujua kama bado naweza kwenda mbio." Alilisema hilo karibu kwa furaha. Kisha akamgeukia Bwana Feisali. "Huyu mtu alikuwa akienda kumbeba mtoto wa mwenzake. Hakuwa akija kwenu. Futa." Bwana Feisali alikuwa amekaa juu ya gogo, mtu mzima kama mwanafunzi. "Mzee, sikujua." "Hukujua kwa sababu hukuuliza. Huyu msichana mlimwajiri mumuulize nini kama si hilo?"

Kaseti za siku zile hazikufutwa kwa kubonyeza kitufe. Mpiga picha alieleza kwamba lazima arekodi kitu kingine juu yake, kwa urefu ule ule. Basi akakifunika kioo cha kamera kwa kifuniko chake cheusi, akabonyeza, na sote tukakaa tukisubiri giza liwafunike wale watu wanaokimbia, mmoja mmoja. Ilichukua dakika tisa. Dakika tisa ni nyingi kwa watu waliokasirikiana kukaa chumba kimoja. Ya kwanza tulitazama sakafu. Ya nne kinyozi aliomba kahawa. Ya saba Bwana Feisali alikuwa akimwonyesha Mzee kovu kwenye wayo wake mwenyewe, akimweleza kwamba baba yake alizikwa hapa naye alikuwa mdogo, alilifuata jeneza peku tu, hakubeba. Mzee alimsogezea kikombe. Taa nyekundu ilipozimika Mzee Shekuwe alisimama, akaliambia gogo, kamera na wote waliokuwepo: "Siku nyingine mwenye mashine hii akitaka kupita hapa, aje na Fatuma. Asiyekuja na Fatuma asipite."

Ijumaa Ami Hemedi alirudi, na begi. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kizingiti na daftari langu, maana Carol alikuwa amenirudisha kazini bila kunitazama usoni, na pembeni yangu barazani alikuwa amekaa Mzee Shekuwe, amevaa makubadhi, anatafuna hamri la moto. Hakuitwa na mtu. "Ahaa, Hemedi," alisema. "Umekuja kututembelea?" Ami alimtazama yeye, akanitazama mimi, akalitazama begi lake. "Nimekuja kutembea," akasema. Akakaa siku tatu, akafunga nasi Ramadhani ya kwanza, akarudi Malindi peke yake. Saidi na Rehema hawakulala nyumba nyingine mpaka walipooa na kuolewa.

Ndiyo maana Jumanne, pale juu ya paa, yule mwongozaji kijana aliposikia tahalili ikitoka mbali na kuona maduka yanaanza kumwaga watu, aliponishika mkono akasema, "Dada Fatuma, ni mazishi ya kweli? Tupige kwa mbali tu, nyuso hazitaonekana," sikuhitaji kufikiri. Nilimwambia kwetu watu tunawajua kwa miguu. Nikachukua kifuniko kilichokuwa mezani nikakitia kwenye kioo cha kamera kwa mkono wangu mwenyewe. Alikasirika, na huenda asiniite tena. Wako wengine. Nikashuka kwa Rehema, anakaa jirani, tukasimama dirishani. Jeneza lilipita chini yetu na sikuweza kuiona mbao kwa wingi wa mabega. Katikati nilimwona Saidi, ametoka bandarini Kilindini na ile fulana yake ya manjano ya kazi, nywele zimeingia mvi, anasukumana na vijana apate nguzo.

Magharibi alikuja kwa Rehema, suruali ina mchanga magotini. Akanawa mikono, akakaa, akakamata bega la kulia akilizungusha. Nikamuuliza swali ambalo hakuna anayemuuliza mtu aliyetoka kuzika.

"Alikuwa mzito?"

Saidi akanitazama, akakumbuka.

"Mzito, dada," akasema. "Mzito sana. Ilibidi tupokezane njia nzima."